Swali Lililopita Mdomoni Mwangu

Iko siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka upya, ingawa mwili wenyewe umekwisha poa. Sogea hapa upande wa kulia, maana sikio la kushoto limekufa. Leo sikupi hadithi ya kukufurahisha. Nataka kukuambia jinsi nilivyomwangamiza mtu mwema huku nikijisifu kwamba nina adabu.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimesoma kidogo kwa wamisheni, nikapata kaptula ya kaki na kalamu ya wino, basi nikajiona mtu. Ardhi yote ya Nyansiongo, hii unayoiona leo ina miji ya watu na mahindi na chai, ilikuwa ya walowezi. Sisi tulikaa ng'ambo ya mpaka, kwenye rizavu, ardhi waliyotubakizia, tukivuka asubuhi kwenda kuwafanyia kazi na kurudi jioni. Kazi yangu ilikuwa kuandika maziwa kwenye shamba moja kubwa: ng'ombe huyu ametoa kiasi gani asubuhi, yule kiasi gani jioni. Tena nilikuwa mkalimani, kwa sababu mwenye shamba alijua Kiswahili cha kuamuru tu, na wakamuaji wengi hawakujua ila Ekegusii, lugha yetu.

Aliyekuwa juu yangu pale kwenye banda la maziwa alikuwa mzungu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, jina lake Rosner. Wakamuaji walimwita Bwana Kwa Nini. Hungeweza kumwambia jambo asikuulize kwa nini. Ukimwambia ng'ombe huyu hataki kukamuliwa na mgeni, anauliza kwa nini. Ukimwambia leo itanyesha, anauliza umejuaje, na anasubiri jibu kweli. Mimi nilidhani ana kasoro kichwani. Ilipita miezi ndipo nikajua kwamba mtu huyu aliyeosha ndoo pamoja nasi alikuwa profesa wa falsafa huko kwao Ujerumani, amefundisha chuo kikuu miaka kumi na mmoja, na ameandika kitabu kizima juu ya ahadi: kwa nini mtu akishasema nitafanya, maneno yake mwenyewe yanamfunga.

Alinisimulia maisha yake kidogo kidogo, tukipima maziwa. Baba yake alikuwa muuza vitambaa katika mji mdogo, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza katika ukoo wao kuingia chuo kikuu. Dada yake, Klara, ndiye aliyeshona nguo za watu ili yeye asome. Walikuwa Wayahudi. Watawala wapya waliposhika nchi wakatoa amri kwamba Myahudi asifundishe tena, na chuo kikaita walimu wote kikaoni kusomewa majina ya wanaofukuzwa. Meza ya kikao kile ilikuwa na watu waliokula nyumbani kwake, watu aliowasahihishia vitabu vyao. Nikamuuliza walimtukana vipi.

"Hakuna aliyenitukana, Mokaya," akaniambia. "Wangenitukana ningewajibu. Walitazama karatasi zao mpaka nikatoka."

Niliposikia hayo nilikasirika sana. Naapa nilikasirika. Nilitema mate chini, nikasema watu wa namna hiyo hawafai kuitwa wasomi. Weka jambo hilo akilini, mwanangu, kwa sababu ndipo utajua kwamba sikuanguka kwa kutojua.

Kilichotufanya tuwe marafiki kilikuwa Sabato. Nyumbani kwetu mama alikuwa ameshaingia kanisa la Wasabato, nami nikamfuata, na Jumamosi sikushika kazi hata mwenye shamba akinuna namna gani. Rosner naye hakufanya kazi Jumamosi, kwa dini ya kwao. Wakamuaji walishangaa kweli, mzungu anayepumzika siku ile ile tunayopumzika sisi. Mwenye shamba alituita wavivu wawili, akatukubalia kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyejua kuandika maziwa kama sisi. Basi Jumamosi mchana, nikitoka kanisani, tulikuwa tunatembea pamoja kwenye vijia vya rizavu, yeye akiniuliza mambo ya kwetu. Ndipo nilipomweleza chinsoni.

Wewe mtoto wa siku hizi labda umelisikia neno tu. Chinsoni ni heshima yenye mipaka kati ya baba na mwana. Hukai alipokaa, huingii chumbani mwake, husemi neno la aibu yeye akisikia, na juu ya yote, humwoni uchi. Mwana akimwona baba yake uchi lilikuwa jambo zito, la kuwaita wazee na kuchinja. Kati ya babu na mjukuu hakuna mpaka huo. Hao wanataniana hadi wengine wanaziba masikio. Rosner aliniuliza kwa nini iko hivyo, nikamwambia ndivyo ilivyo. Akacheka, akasema hilo si jibu, lakini ni jambo zuri.

Sasa sikiliza alichokuwa anakingojea. Chuo kimoja cha nchi ya mbali kilimwandikia barua kwamba wanamtaka akafundishe falsafa. Wakampa na ruhusa ya kuingia na ndugu mmoja. Huyo ndugu alikuwa Klara, ambaye bado alikuwa Ujerumani, amekwisha nyang'anywa cherehani na nyumba, anaishi kwenye chumba cha watu. Kilichobaki ni karatasi moja tu: serikali ya hapa iandike kwamba Rosner ni mtu wa mwenendo mwema. D.O., yule afisa wa serikali wa wilaya, alikuwa amesema ataiandika mwezi ule. Bila karatasi hiyo hakuna chuo, na bila chuo Klara hatoki. Rosner alinionyesha barua ile mara nyingi kuliko mtu anavyoonyesha picha ya mtoto wake.

Ikaja Jumamosi moja ya makambi, ile mikutano ya ibada ya siku kadhaa. Wasabato wote wa upande wetu walikuwa wamekwenda kwenye makambi, miji, yaani nyumba za watu, imebaki mitupu. Mimi nilikuwa nimerudi mapema, natembea na Rosner, tukamwona mama anakuja mbio kutoka bondeni, kitambaa kimemwanguka kichwani. Tata, yaani baba yangu, hakuwa mtu wa kanisa, na alikuwa amebaki nyumbani akiugua ngiri yake ya siku nyingi. Siku hiyo ngiri ilitoka ikakataa kurudi. Uchungu ulimpeleka mtoni, akajitupa majini, akavua kila kitu, na sasa alikuwa amelala kwenye migomba akitapika na kusema maneno yasiyoeleweka. Hapakuwa na baba mdogo, hapakuwa na rika lake, hapakuwa na mwanamume yeyote ila mimi ambaye sikutakiwa kumtazama.

Nilisimama pale juu, sikushuka. Rosner hakuniuliza kwa nini. Aliniambia nigeuke, akashuka peke yake. Alimvika koti lake na shati lake, akamfunga gunia kiunoni, akarudi kuniita tukate miti miwili. Tukatengeneza machela kwa magunia na kamba za migomba. Akanipanga mbele ili mgongo wangu umwelekee Tata, yeye akashika nyuma. Hivyo ndivyo profesa wa watu alivyombeba baba yangu, kifua wazi, kwa njia ya bondeni hadi zahanati ya misheni upande wa Kebirigo, mwendo wa saa tatu, mama akifuata nyuma analia.

Kwenye mteremko mmoja wenye utelezi nikaanguka. Machela ikapinduka, koti likavuka, gunia likafunguka, nami nilipogeuka kumshika nikamwona baba yangu alivyo, na uvimbe ule wote. Nilimfunika kwa mikono yangu mwenyewe. Yeye hakujua yuko wapi wala nani anamshika. Nikaketi kwenye matope nikalia kama mtoto. Rosner akachuchumaa mbele yangu, akaniambia jambo hili limeishia hapa, hatalisema kwa mtu yeyote aliye hai. Akasema, "Nakuahidi." Nami nilijua mtu huyu akisema nakuahidi anamaanisha nini.

Zahanatini ngiri ilirudishwa, Tata akapona. Alipouliza nani alimleta, mama alimwambia ni wapita njia, watu wema tusiowajua. Nami nikaitikia.

Kumbe Jumamosi hiyo hiyo mchana, kule shambani, shemeji wa mwenye shamba alikuwa amechanganya dawa ya josho. Huyo shemeji alikuwa mlevi, na kila mkamuaji alijua. Aliweka dawa maradufu, ng'ombe wakaogeshwa, na kufikia Jumapili ng'ombe tisa walikuwa wamekufa, wa maziwa wote. Mlevi akasema yeye hakugusa josho. Akasema ni yule Mjerumani, aliyekuwa na ufunguo wa stoo, aliyetumwa na kwao kuja kuharibu mali ya Waingereza. Unasikia ujinga huo? Watu wa kwao walimfukuza kwa kuwa si Mjerumani, hawa wa hapa wakamshtaki kwa kuwa ni Mjerumani. Tangu siku hiyo sijaona haki ikichekwa usoni namna ile.

Jumatano D.O. akaja. Meza iliwekwa barazani kwa mwenye shamba, wakamuaji wakaketi kwenye nyasi, na wazee wa rizavu wakaitwa wakae kwenye benchi, kwa kuwa wafanyakazi walitoka kwao. Tata alikuwa mmoja wao, ameshika fimbo, bado dhaifu. Mimi nilisimama katikati, mkalimani.

D.O. alimuuliza Rosner alikuwa wapi Jumamosi mchana. Rosner akasema hakuwa shambani. Akaulizwa alikuwa wapi basi. Akasema alikuwa kwenye shughuli ya halali, lakini ameahidi asiiseme. Akaulizwa kama anajua karatasi yake ya mwenendo iko mikononi mwa nani. Akasema anajua. Muda wote huo hakunitazama hata mara moja, na nilijua kwamba hanitazami kwa makusudi, asije akanilazimisha kwa macho.

Ndipo D.O. akanigeukia, akaniambia niwaulize watu wote kama yuko aliyemwona mtu huyu Jumamosi mchana. Swali hilo lilipita mdomoni mwangu, mwanangu. Nililisema kwa Ekegusii, kwa sauti kubwa, tena nikalirudia. Wakamuaji wakatikisa vichwa. Wazee wakatazamana. Tata alikuwa hatua tatu kutoka nilipo. Mwenye shamba alikuwa amekunja mikono, ananitazama mimi tu. Nikamgeukia D.O., nikasema, "Hakuna, bwana."

Maneno mawili tu, na la pili lilikuwa la heshima, bwana. Niliyasema vizuri, bila kigugumizi. Na nilipokuwa nayasema nilijiambia kwamba nafanya hivyo kwa ajili ya Tata, kwa ajili ya chinsoni, kwamba mwana mwema hawezi kuutaja uchi wa baba yake mbele ya benchi la wazee. Nilirudi nyumbani nikala obokima, ugali wa kwetu, nikashiba. Hilo ndilo linalonitia hasira zaidi hadi leo, kwamba nilishiba.

D.O. aliifunga karatasi ya Rosner kwenye faili, akasema haiandikwi mpaka uchunguzi uishe. Kazi alifukuzwa siku hiyo hiyo. Akaamriwa akae Kisii mjini na kuripoti polisi kila wiki. Aliondoka na sanduku moja na barua yake ya chuo. Mlevi akapewa ufunguo wa stoo.

Wiki zikapita, nyingi, na kila wiki moja Klara alikuwa amekaa kwenye kile chumba cha watu akingoja. Mimi niliendelea kuandika maziwa. Siku moja Tata akarudi zahanatini kuangaliwa. Dresa wa pale, mfunga vidonda, kijana wa watu asiyejua lolote, akamuuliza yule mzungu mwema yuko wapi siku hizi, yule aliyekuleta amekubeba bila shati. Akamwambia na kijana aliyekuwa mbele alikuwa mwanao, analia njia nzima.

Tata alitembea hadi nyumbani bila kupumzika. Aliniita nje, nikaja. Sikuwahi kumwona amekasirika hivyo, na hakupaza sauti. Aliniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli. Aliniuliza kwa nini sikusema siku ile barazani. Nikamjibu, na ulimi wangu ukawa mwepesi kabisa, kwamba nilimheshimu.

"Usinitaje," akasema. "Babu yako yuko hai, hapo tu ng'ambo ya kilima. Ungemwendea Jumapili ukamwambia, angecheka, angekuja kuniambia mimi, na Jumatano mimi mwenyewe ningesimama. Njia hiyo ipo tangu sijazaliwa, na unaijua. Wewe hukuwa unatafuta njia, Mokaya. Ulikuwa unamwogopa yule mzungu mwenye ng'ombe, ukatafuta mahali pa kujificha, ukajificha nyuma ya uchi wangu."

 Mbuzi alichinjwa kesho yake, babu akaja, akacheka kama Tata alivyosema atacheka, na mambo ya chinsoni yakaisha mchana mmoja. Mchana mmoja tu, mwanangu. Lile jambo nililoliogopa kiasi cha kumtoa mtu kafara lilikuwa na dawa yake, na dawa yenyewe ilikuwa mbuzi na kicheko cha mzee.

Alfajiri iliyofuata Tata akanichukua, tukaenda kwa miguu hadi Kisii mjini. Ofisini kwa D.O. walikuwa na mkalimani wao, mtu mzima mwenye kofia. Tata akamwambia asijisumbue. Akanielekezea fimbo, akasema mkalimani ni huyu. Kisha akasimama mbele ya meza, mbele ya makarani na askari na watu waliokuja na kesi zao, akaanza kusema yote kwa Ekegusii, polepole, akinyamaza kila baada ya sentensi mpaka niitafsiri. Alisema alikuwa uchi. Nikasema, baba yangu alikuwa uchi. Akataja uvimbe ulikuwa wapi na ukubwa wake. Nikautaja. Nilipojaribu kulainisha neno alilitambua kwa uso wa karani, akanirudisha nyuma niliseme sawasawa. Askari mmoja alicheka. Tata akamgeukia akamtazama mpaka akaacha. Mwisho akasema yule mtu alivua shati lake akamvika yeye, na kwamba siku ya baraza mwanawe alikuwa pale na akasema hakuna aliyemwona. Nikatafsiri na hilo.

D.O. alikuwa mtu mzima, hakucheka. Akatuma mtu zahanatini, daftari la wagonjwa likaonyesha siku na saa, na jina la Rosner lilikuwa pale, ameliandika kwa mkono wake. Faili likafunguliwa. Karatasi ya mwenendo mwema ikaandikwa, ikapigwa muhuri. Rosner alikuja mwenyewe kumshukuru Tata, wakashikana mikono kwa muda mrefu, wawili wasiojua lugha moja. Mimi nilisimama kando. Hawakuhitaji mkalimani.

Lakini karatasi ile haikufika popote. Siku chache baadaye vita vikatangazwa. Meli zikafungwa, barua za Ujerumani zikafungwa, na serikali ikakusanya Wajerumani wote iwapeleke kambini. Wote, mwanangu, na Wayahudi waliokimbia Wajerumani wakakusanywa nao. Niliona lori lile likitoka bomani Kisii. Rosner alikuwa amekaa nyuma kabisa, koti lile lile begani. Wiki zile tulizopoteza ndizo zilizokuwa njia ya Klara. Kama nisingesema yale maneno mawili, angekuwa amekwisha panda meli. Nimehesabu siku hizo mara nyingi, wala sihitaji mtu anifariji.

Walimweka kambini miezi kadhaa, wakamtoa wakampeleka kulinda shamba la mtu, wakamhamisha tena. Vita vilipoisha nilisikia yuko Kisii. Ilinichukua zaidi ya mwaka kupata ujasiri wa kwenda. Alikuwa amepewa chumba na Mzee Athumani, muuza vitambaa, wa familia ya Kiislamu iliyokaa mjini tangu zamani, nao walimtunza kuliko sisi tuliomjua. Nilimkuta dukani anapima kitambaa cha marekani kwa yadi, mkasi shingoni. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote.

Nikamuuliza habari za Klara. Akasema watu walimwandikia kwamba alipakiwa kwenye treni pamoja na wengine wa mtaa wake, na hakuna aliyerudi. Akasema hivyo huku anakata kitambaa, na alikata sawa.

Basi nikaanza hotuba yangu niliyoitunga njia nzima. Nikamwambia habari za mila zetu, jinsi zilivyo nzito, jinsi nilivyokuwa kijana, jinsi nilivyobanwa kati ya heshima ya baba na urafiki. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaweka mkasi mezani.

"Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuahidi," akasema. "Wewe ulinyamaza kwa sababu gani?"

Nikaanza tena, chinsoni, Tata, benchi la wazee. Akainua mkono, akauliza swali lile lile. Mteja aliingia, akatoka. Nilitazama chini, na nilipojiona natazama chini nikakumbuka wale wasomi na karatasi zao, watu niliowatemea mate. Nikamwambia, "Niliogopa kufukuzwa kazi."

"Hilo ni jibu," akasema. "Umechukua miaka minane."

Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwomba. Alinipa kiti, tukanywa chai ya Mzee Athumani, na kuanzia hapo nilikwenda kila mwezi mpaka alipokufa. Katika miaka hiyo chuo chake cha zamani kilimwandikia, sasa mambo yamebadilika huko, wakimwita arudi kwenye kiti chake kwa heshima zote. Aliwajibu kwa mstari mmoja: waliokaa mezani siku ile walisema nini? Hawakujibu. Aliendelea kupima marekani. Vijana wa Kisii, Waislamu na Wakristo, walikaa kwenye magunia dukani, akiwauliza kwa nini, kwa nini, na baadhi yao walikuja kuwa mawakili wanaoogopwa. Huo ndio uprofesa tuliomwachia, na hata huo tulimpa kwa bahati, si kwa wema.

Sasa nakuja kwako. Nimekuita kwa sababu ya kikao cha shamba la mama Kerubo, yule mjane. Ulipanda mipaka ile ya chai pamoja na marehemu mumewe, kwa mikono yako, na unajua mistari mitano iliyonyakuliwa ni yake. Shemeji zake waliposema si yake, mzee wa kikao aliuliza kama yuko anayejua. Nilikuwepo, mwanangu. Nilikuona unatazama viatu vyako. Kisha nje ukaniambia kwamba wazee walikuwa wanaongea, ungesemaje mbele yao.

Usiniletee hayo. Heshima ya kwetu ninaijua kuliko wewe, nimeilipia. Heshima haijawahi kumwambia mtu aache mwenzake aangamie. Mila ikikuzuia kusema mbele ya fulani, hiyo hiyo mila imekupa mtu mwingine wa kumwambia: babu, shangazi, rika, mchungaji, hata mimi na sikio langu moja. Ukiona huwatafuti hao, jua kwamba si mila iliyokufunga mdomo. Ni woga. Uite kwa jina lake, uuite mapema, kabla hujazeeka nao. Na usikae ukingoja mtu unayemtetea akuombe, kwa sababu walio wema zaidi hawatakutazama hata usoni ili wasikubebeshe mzigo. Na usidhani kukasirikia dhuluma ya mbali kunakufanya mtu wa haki. Mimi niliikasirikia ya Ujerumani vizuri sana.

Kikao kinarudi Alhamisi. Utasimama useme ulichokiona, mstari kwa mstari. Wakikununia, wanune. Nenda, mwanangu, na Mungu aliyekupa macho akupe na sauti ya kuyatumikia. Ukae mjini mwako bila kumkwepa mtu njiani, watoto wako walitaje jina lako bila kuinamisha kichwa, na ukizeeka, usiwe na duka la mtu unaloogopa kuliingia.